Ractis inagonga mbele kushoto, fundi anataka nibadilishe kila kitu

Abuu wa Fuoni

Asalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Nna Toyota Ractis ya 2006, nimeinunua kwa mtu hapa hapa mjini na nnabebea wageni baina ya mjini na Paje na Jambiani. Kwenye lami gari haina neno, lakini nikishaacha lami nikaingia zile njia za ndani za mawe basi mbele kushoto inaanza ko ko ko ko mpaka wageni wanaangaliana. La ajabu, tuta kubwa nikilipanda taratibu tairi mbili kwa pamoja haisemi kitu, ila kishimo kidogo cha tairi moja tu ndo makelele yote.

Mlio wa pili nausikia gari ikiwa imesimama, nikizungusha usukani kutoka kwenye maegesho inafanya kung', nikiendelea kung' tena, na mkononi nausikia usukani unaruka kidogo. Halafu kuna wa tatu, huo jua likiwa kali mchana gari ikipanda na kushuka inalia nyiiii huko mbele, sijui kulia sijui kushoto, asubuhi haupo na ikinyesha mvua ndo kabisa husikii kitu.

Nimepeleka kwa fundi, hata jeki hakutia, kakandamiza boneti, kaitikisa gari, kaizunguka, akanambia shokapu mbili zimekufa, amu mbili, boljointi, tairodi, na stelingi reki inavuja. Kwa jumla laki tisa na ushee na ufundi mbali. Sasa mie sina uwezo wa kununua sehemu nzima ya mbele ya gari, na moyo wangu hauniambii kama vyote hivyo ni vibovu. Nianze na kipi? Na je niendelee kubebea watu au niiweke?

Fundi wa Gombani

Waalaykum salaam sheikh. Kabla ya yote, reki inavuja nini? Ractis pawa ya usukani wake ni ya umeme, mota ipo kwenye nguzo ya usukani huko chini ya dashibodi, haina pampu wala haina mafuta. Funua boneti ukitafute kidumu cha mafuta ya pawa, ukikiona nitumie picha na mie nione. Ikiwa kweli kaona majimaji chini basi ni grisi ya siivii jointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi) iliyochanika raba, au oili ya injini, au maji ya AC tu. Kwa hiyo na hayo mengine aliyokutajia usiyatolee pesa mpaka yapimwe.

Milio yako mitatu usiichanganye, hiyo ni vitu vitatu mbali mbali na wewe mwenyewe umeshaieleza vizuri kuliko wengi wanaokuja kwangu. Mtu anakuja anasema "gari inalia", inalia wapi, ikiwa inafanya nini, hajui. Lini inalia ndo nusu ya kazi.

Tuanze na swali lako la mwisho maana hilo ndo la roho za watu. Kabla hujabeba mgeni mwengine pima boljointi, kigololi kinachounganisha amu, yaani mkono wa chuma wa chini, na kile chuma kinachobeba tairi. Vyengine vyote vikifa vitakupigia kelele tu, boljointi ya chini ikichomoka tairi inalala ubavu na gari unayo mwendo, hapo hakuna usukani. Tia jeki kwenye mwili wa gari, si kwenye amu, tairi ining'inie, halafu weka na stendi, usimwamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini uisukume na uivute. Ikicheza, mwambie mwenzio akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa, mchezo ukiondoka ni wili beringi, ukibaki ni boljointi. Kisha chukua mtaimbo uupitishe baina ya amu ya chini na kile chuma kinachobeba tairi, nyanyua kidogo kidogo huku jicho liko pale kwenye raba ya boljointi. Isionekane kupanda na kushuka. Baadae shika tairi kushoto na kulia, hapo unapima tairodi na rekiendi, vile vyuma vinavyotoka kwenye reki ya usukani kwenda kukata tairi, weka na kidole kwenye kiungo cha tairodi utaisikia kwa kidole kabla ya kuiona kwa macho.

Hivyo vikiwa vizima beba watu wako, taratibu.

Sasa huo mlio wa ko ko ko. Ule usemi wako kwamba tuta la tairi mbili haligongi na kishimo cha tairi moja kinagonga, mie karibu nishajua. Stabilaiza ni kile chuma kirefu kinachounganisha kushoto na kulia. Tairi zote mbili zikipanda pamoja chuma kinajizungukia tu ndani ya bushi zake (vipira vinavyokikamata), hakivutani na mtu. Tairi moja ikizama na mwenzake hakuzama ndo kinapindika na hapo kinavuta linki zake, vile vyuma vifupi vinavyokiunganisha na upande wa kila tairi, na linki ikiwa imeshakula kile kigololi cha ndani inagonga. Kwa hivyo tazama linki za stabilaiza mwanzo, ni kitu rakhisi kuliko vyote alivyokutajia fundi wako na wala hakukitaja!

Kuipima kuna ujanja. Ukitia jeki tairi moja, stabilaiza inajipinda na linki inabanwa, utaitikisa utaiona ngumu useme nzima. Iache gari chini kwa tairi zake nne, kata usukani ili mkono upite, shika linki kwa kiganja halafu mtu akandamize na kuachia pembe ile ya gari. Mbovu utaisikia mkononi, tak, tak. Ukiwa bado una shaka zifungue zote mbili kulia na kushoto uzitoe, zungusha gari hapo mtaani taratibu kwenye njia ile ile inayogonga. Ikinyamaza umeshapata. Lakini bila ya linki gari inalalia zaidi kwenye kona, kwa hivyo usende nayo Paje kwa mwendo wako ule.

Mlio wa kung': maunti ya juu ya shokapu, kikalio kinachoikamata kwenye mwili wa gari, ina beringi ndani, ndo inayoifanya springi izunguke pamoja na shokapu unapokata kona. Ikishika kutu au ikiingia vumbi haizunguki, springi inajisokota sokota mpaka ikashindwa halafu inaruka mara moja, ndo kung', na ndo huko kuruka kwa usukani. Mtu azungushe usukani gari ikiwa imesimama, wewe weka kiganja juu ya springi kwa nje (kwa nje! usitie vidole baina ya mizunguko yake), utaisikia inavyoruka. Ikiwa springi imetulia na mlio upo basi shuka kwenye shafti ndogo ya usukani yenye misalaba, inayotoka kwenye kanyagio za miguu kwenda kwenye reki, gari nyingi za Toyota za miaka ile ile inachoka na inagonga hivyo hivyo.

Nyiii ya jua kali iache mwisho, ni mpira mkavu, si hatari. Chukua chupa ya maji yenye kitundu, mwagia bushi moja tu, tikisa gari, sikiliza. Haikunyamaza nenda nyengine. Bushi za stabilaiza kwanza zile zinazoikamata kwenye chesisi, kisha za amu. Itakayonyamaza baada ya maji ndo yenyewe.

Dereva wa Shamba

Maneno yote hayo ya nini, kwa mlio huo wa nyiii mie huwa nachukua oili chafu na dizeli nachanganya napulizia chini kote gari inanyamaza mwezi mzima. Na gari yangu inakwenda Nungwi na kurudi kila siku na chini ya gari haishiki kutu. Mafundi wanapenda kuuza spea tu.

Fundi wa Gombani

Kwa kutu sikatai, bati likipata oili halishiki kutu haraka, hasa nyie mnaopita pita karibu na maji ya chumvi. Ila mpira na oili haviishi nyumba moja. Bushi ikinywa oili inavimba, inalainika, halafu inachanika, na gari inayolia nyiii ukaipulizia dizeli mwisho wake itakuja kulia ko ko ko. Inanyamaza kwa sababu umeilainisha, si kwa sababu umeitengeneza. Ukitaka kuilainisha kuna grisi ya silikoni, hiyo haili mpira, lakini na hiyo ni kwa bushi nzima iliyokauka tu, iliyochanika haina dawa ila kuitoa.

Dereva wa Shamba

Haya bwana. Gari yangu lakini bado inakwenda 😂

Bi Kinyasini

Kaka Abuu mie si fundi ila nna gari yangu Passo na yalinikuta. Inagonga mbele kwenye mashimo, nikaambiwa shokapu nne zote zitolewe. Kaka yangu akanambia kabla hujatoa pesa ukiwa unapita pale inapogonga kanyaga breki kidogo sana, si ya kusimamisha gari, ya kugusa tu. Nikagusa, ikanyamaza. Nikaachia, ikagonga. Kumbe padi za breki zimetiwa bila ya vile vibati vyake vya kuzibana, zinacheza ndani ya kalipa, kile chuma kinachozibana padi. Aliyenibadilishia padi ndo kavitupa, maana ilianza kugonga baada ya kazi yake. Kwa hiyo kama na yako ilianza baada ya mtu kuishika, basi mtu huyo alichokishika ndo uanze nacho.

Na jengine, toa kila kitu kwenye buti. Jeki, spana, tairi ya akiba, kidumu cha maji. Sauti ndani ya gari inadanganya, unasema mbele kumbe nyuma. Sisi kwetu baba kaisaka kelele ya gari yake mwezi na zaidi, ikaja kuonekana ni jeki haikukazwa kwenye kikalio chake.

Fundi wa Gombani

Dada hapo umesema. Hiyo ya kugusa breki na mie huitumia na sijaiandika hapo juu. Na ya kufuatilia aliyeishika gari mwisho ni kweli kabisa, hata nati za tairi. Gari ikitoka kuziba pancha halafu ikaanza kugonga, kitu cha mwanzo ni spana ya tairi mkononi.

Bati la ekzosi nalo. Likioza kwa kutu linatetereka, sauti yake nyembamba ya bati, inakuja gari ikiwa sailensa (injini inawaka hujakanyaga mafuta) na ukikanyaga mafuta inabadilika. Watu wanafungua gari nzima mbele kumbe ni bati la kukingia moto.

Mchina wa Amani

Nauliza tu, hilo la kukandamiza boneti alilofanya fundi halina maana kabisa? Maana kila gereji ndo wanavyofanya.

Fundi wa Gombani

Lina maana yake kwa shokapu tu. Unakandamiza pembe moja unaachia, gari inapanda na kutulia. Ikipanda ikashuka ikapanda tena ikashuka, shokapu imechoka. Lakini hata hiyo inahitaji kupiga magoti uitazame shokapu yenyewe, ikiwa imelowa oili kutoka juu mpaka chini imekwisha, ikiwa na unyevu kidogo wa vumbi juu tu bado inaishi. Na shokapu iliyokufa mara nyingi haigongi, inaifanya gari iyumbe, pua inazama ukipiga breki, tairi zinaliwa kwa mabaka. Anayegonga huwa ni maunti yake ya juu au nati iliyoregea. Boneti haitokwambia kitu kuhusu boljointi wala tairodi, hilo hata ukaikandamiza mpaka magharibi.

Abuu wa Fuoni

Wakubwa nashukuru sana, nimerudi. Kidumu cha pawa nimekitafuta sikukiona 😅 na nilipomrejea yule fundi nikamuuliza reki inavuja nini akanambia "basi itakuja kuvuja". Nimeondoka.

Nimeipima na kijana wa hapa mtaani ana stendi mbili na mtaimbo. Boljointi zote mbili hazichezi hata kidogo, raba zake zima, tairodi nazo nzuri. Linki ya kushoto sasa! Raba yake imechanika, kigololi kinacheza mpaka kwa macho unakiona, ya kulia imeregea kidogo. Tumezitoa zote mbili nikazunguka hapa Fuoni njia ya ndani, kimya, kimya kabisa. Kazi ilikuwa kuzifungua, nati imeshika kutu na ukizungusha nati na msumari wake wa katikati unazunguka nao, tumetia dawa ya kutu tukaiacha usiku kucha, asubuhi kijana kaingiza alenki katikati akaushika msumari ndo nati ikakubali, ya kulia haikukubali tukaikata.

Maunti pia ni kama ulivyosema, nimeweka kiganja kwenye springi ya kushoto inaruka kung' hasa, ya kulia inazunguka vizuri. Nyiii ni bushi ya stabilaiza upande wa kulia, imenyamaza kwa chupa ya maji, nimecheka mwenyewe.

Sasa ninunue nini na nini? Moja moja au mbili mbili? Na kuna mpya na za mtumba za Dubai, na huyo muuzaji ana linki za aina tatu bei mbali mbali na zote zimeandikwa Japan.

Fundi wa Gombani

Maashallah. Umeshaona, laki tisa imekuwa linki na maunti na vipira viwili.

Linki tia mbili, ile ya kulia imeregea na umeshaikata. Bushi za stabilaiza nazo tia mbili kwa mara moja, bei yake ndogo na kazi ni moja. Maunti pia mie ningetia mbili pamoja na beringi zake, maana ya kulia ina umri ule ule, ila ukiwa mkono mfupi tia ya kushoto na hiyo nyengine subiri, si kitu cha hatari. Shokapu zenyewe usibadilishe kwa sababu tu zimefunguliwa, zitazame, zikiwa kavu zirudishe.

Mtumba kwa vitu vyenye mpira na vigololi mie sikushauri. Mtumba mzuri ni wa kitu cha chuma, hab (inayofungwa tairi), nako (kile chuma kinachobeba tairi), shafti. Linki ya mtumba ni linki iliyochoka kwenye gari ya mtu mwengine.

Za mpya, 555 ni chapa ya Kijapani inayojulikana kwa boljointi na tairodi na linki, lakini boksi lake limeigwa sana. Usisome boksi, kamata kitu chenyewe. Kigololi cha linki mpya kiwe kigumu kukisogeza kwa vidole viwili na kisogee laini bila ya kushika shika, kikilegalega dukani hapo hapo mrudishie. Raba iwe imebanwa na pete juu na chini. Tazama na maandishi kama yamechongwa au yamegongwa kwenye chuma au ni rangi tu. Muuzaji asiyetaka ufungue nailoni mwachie mali yake.

Sasa sikiliza kwenye kufunga, hapa ndo panapoharibika. Kutoa maunti lazima shokapu itoke nje na springi ikamatwe kwa vikamatio vyake vya skurubu, viwili, vimekabiliana, ndo ile nati ya katikati juu ifunguliwe. Nimeona watu wanaifunga springi kwa kamba na waya. Ile springi imebanwa kwa nguvu kubwa hata shokapu ikiwa nje ya gari, ikikutoka inakuvunja taya, na haisemi inakuja. Kama kijana wako hana vikamatio mpelekee mwenye navyo shokapu tu mkononi, si lazima gari iende.

Na ikiwa kuna siku utabadilisha bushi za amu, zile bolti zinazopita kwenye mpira usikubali zikazwe gari ikiwa juu ya jeki. Zishikizwe tu, gari ishushwe chini, itikiswe ikae kikao chake, ndo zikazwe. Mpira unakamata pale pale ulipokazwa, ukikazwa tairi imening'inia basi gari ikishuka mpira unakaa umesokotwa maisha yake yote na utachanika mapema, halafu watu wanasema spea feki. Spea nyengine hazina kosa.

Baada ya kutoa shokapu pita ukapime alaimenti, yaani jinsi tairi zinavyokaa na kuelekea. Linki peke yake haihitaji, ila shokapu zile bolti mbili za chini zinazoikamata zina nafasi kidogo na tairi inaweza kulala tofauti na ilivyokuwa. Piga chaki kabla ya kufungua, urejeshe pale pale, na alaimenti nenda vile vile.

Abuu wa Fuoni

Inshaallah wiki hii. Kijana hana vikamatio kweli, alikuwa keshatafuta kamba 🙈 nimemwambia aiwache.

Mwana wa Konde

Samahanini nnaingilia kati lakini maadam fundi yupo na yuko kwetu Pemba nami niulize. Probox yangu haigongi, inaunguruma. Ikifika spidi 50 kwenda juu inaanza uuuuuuu na inazidi kadiri nnavyozidi mwendo, nikitoa gia nikaiacha ijikokote bado ipo, kwa hiyo si injini. Njia ya Konde kuja Chake kona tupu na mie nimegundua kona ndefu ya kushoto inazidi, ya kulia inapungua. Naambiwa ni gia boksi.

Bi Kinyasini

Gia boksi tena jamani, wangekwambia na rangi.

Fundi wa Gombani

Ukiitoa gia na mngurumo ukabaki ule ule, gia boksi si mshukiwa wa mwanzo. Ukikata kushoto uzito wa gari unakwenda kulia, beringi ya kulia ndo inayobebeshwa, ikiwa mbovu inalia zaidi. Kwa maelezo yako ni wili beringi upande wa kulia, mbele au nyuma hatujajua.

Lakini tairi iliyoliwa vibaya inaunguruma hivyo hivyo na inawadanganya watu wazima. Pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele, halafu urudishe nyuma. Ukiona upande mmoja unateleza na upande mwengine unakukwaruza kama msumeno basi tairi ina meno. Ndo uhamishe tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele upande ule ule, uendeshe. Sauti ikihama, ni tairi. Ikibaki pale pale, ni beringi. Njia nyengine, ikipita lami laini na lami mbovu sauti ya tairi inabadilika tabia, ya beringi haijali lami.

Kwa beringi inua tairi, izungushe kwa mkono mmoja na kiganja cha pili kiwe juu ya springi. Beringi iliyokwaruzika utaisikia inavyosaga kupitia springi hata kama masikio hayasikii kitu. Usisubiri ikaanza kucheza.

Na ikiwa ni ya mbele usimruhusu mtu aigonge na nyundo. Beringi za mbele za gari nyingi ndogo za Toyota zinaingizwa kwa presi, na presi inasukuma pete ya nje wakati wa kuiingiza kwenye nako. Ukisukuma ya ndani nguvu inapita kwenye gololi, zinatia alama kwenye njia yake, na beringi mpya inaanza kuunguruma baada ya muda mdogo tu.

Mwana wa Konde

Nimepitisha mkono sasa hivi hapa nje. Za mbele laini. Ya nyuma kulia ina meno, tena si mchezo, na ndani ina kibaka kibaka kila baada ya kiganja kimoja. Ndo ninunue tairi?

Fundi wa Gombani

Usinunue bado. Mabaka ya kupokezana hivyo ni tairi iliyokuwa ikiruka ruka badala ya kukanyaga, na kinachoiachia iruke mara nyingi ni shokapu ya nyuma. Probox yako unaipakia nini? Ukitia tairi mpya juu ya shokapu iliyokufa utakuja kununua tena. Hamisha hiyo tairi iende mbele, sikiliza kama sauti imehama, na huku nyuma piga magoti utazame shokapu ya kulia kama imelowa.

Mwana wa Konde

Nnapakia ndizi na viazi, na saa nyengine watu na ndizi. Nimetazama, imelowa. Ya kushoto kavu.

Fundi wa Gombani

Tia mbili za nyuma, si moja, ikiwa moja ngumu na moja laini gari itakuvuta kwenye zile kona zenu za Ngezi ikiwa na mzigo. Halafu uhamishe tairi ndo unambie mngurumo umekwenda wapi, maana beringi bado sijaitoa kwenye hesabu.